Tanbihi Niliyoiandika Imemwachisha Mke Wangu Kazi, Naye Hajui ni Yangu

Mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa ofisini, mlango nimeufunga kwa ufunguo, maana maji yamenifika shingoni na sina wa kumwambia, na nimekuchagua wewe kwa sababu mke wangu anakuamini kuliko anavyoniamini mimi, kila Jumamosi asubuhi akishamimina chai anatusomea ukurasa wako kwa sauti, mimi na binti yetu, na akimaliza anasema, "Huyu mama haoni haya kumwambia mtu ukweli," basi nikasema ngoja nijaribu huko huko.

Mimi ni mwandishi wa mikataba serikalini. Kama unavyojua nchi yetu ni moja ya nchi tisa za Umoja, na kila Umoja unapotaka kufanya jambo kwa pamoja kuna nchi zinazolitaka, nyingine zinalitaka kidogo, nyingine zinalitaka siku nyingine, kwa hiyo ili pasivunjike kitu yanaandikwa makubaliano yanayosema wote tumekubali, halafu chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, inawekwa tanbihi inayosema isipokuwa nchi fulani, na hizo tanbihi, mshauri, ndiyo kazi yangu kwa mwaka wa kumi na mbili sasa, nyumbani wanajua tu kwamba naandika mikataba, lakini wenzangu wa ofisini wananiita Bwana Tanbihi na si kwa kejeli, au labda ni kwa kejeli, sijawahi kuwauliza.

Mke wangu ni mkunga. Alizaliwa na kusomea nchi jirani, mwanachama mwenzetu, akaja huku kwa ajili yangu, na miaka kumi na moja amezalisha katika kituo cha afya cha mtaani kwetu kwa kibali cha muda kinachohuishwa kila mwaka, nusu ya darasa la binti yetu wamepitia mikononi mwake, ukienda naye sokoni hamfiki mapema kwa sababu kila hatua kuna mama anayemwonyesha mtoto alivyokua. Mwaka jana Umoja ukaamua kwamba cheti cha mkunga, cha muuguzi na cha daktari kikitolewa nchi moja kitambuliwe nchi zote, na vibali vya muda vifutwe kwa sababu havitakuwa na kazi tena, nilipomletea habari hiyo alicheza jikoni na mwiko mkononi.

Sasa nikueleze tunavyofanya kazi usije ukanihukumu bure. Ujumbe wowote ukienda kwenye mazungumzo unabeba tanbihi za kweli na tanbihi za kuachia, yaani zile usizozihitaji kabisa, unaziweka ili saa ya mwisho uziachie kwa uchungu wa kuigiza na mwenzako naye aachie zake, kila nchi inafanya hivyo na kila nchi inajua kwamba nyingine inafanya hivyo. Tanbihi namba kumi na nne, inayosema nchi yetu haitatambua vyeti vya wakunga kutoka nje "hadi itakapojiona iko tayari", ilikuwa ya kuachia. Niliiandika mimi. Nilihitaji kazi yoyote ya kuijaza pale na wakunga ndio walionijia kichwani kwanza, nadhani unaelewa kwa nini. Siku ya mwisho mwenyekiti alikuwa anawahi ndege, akauliza kama kuna mwenye tatizo na tanbihi ya mwenzake, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na zake hakuna aliyefungua mdomo, mimi nikawa nasubiri mtu aiombe ile yangu niiachie, hakuna aliyeiomba, akagonga meza, zikapita zote thelathini na moja, tukapiga makofi.

Nilipewa cheti cha pongezi kwa kulinda maslahi ya taifa. Mke wangu alikitia fremu, akapigilia msumari yeye mwenyewe sebuleni, na kila akifuta vumbi anakinyoosha kisikae upande.

Mwezi huu kituo kimempa barua. Vibali vya muda havipo tena, cheti chake hakitambuliwi kwa mujibu wa tanbihi namba kumi na nne, mwisho wa mwezi aache kazi. Kwa sasa wamemweka mapokezi apange mafaili, na wajawazito aliowapima tangu mwezi wa tatu wanapita mbele ya kiti chake kwenda kwa mtu wasiyemjua. Hospitali ya kwao imemwita. Ameanza kukunja sare zake, anasema ataondoka na binti yetu na mimi nitawafuata "nitakapojiona niko tayari", akacheka, mimi sikucheka. Juzi mezani binti akaniuliza, "Baba, tanbihi ni nini?" Kabla sijajibu mama yake akasema, "Ni pale mtu mzima anaposema ndiyo, halafu anageukia pembeni anasema hapana. Siku nikimjua aliyeiandika ile, nitamwuliza kitu kimoja tu." Nikamwuliza kitu gani. "Kama ana mke." Nikaomba nisogezewe chumvi.

Naomba ushauri wako kwa moyo mmoja, na nitauzingatia wote, isipokuwa usiniambie nimweleze mke wangu, wala usiniambie nikamwone mkuu wangu tuiondoe, kwa sababu nimetajwa kuongoza ujumbe ujao na itaonekana sikujua nilichokuwa nafanya. Hayo mawili yakiwekwa pembeni, niko tayari kwa lolote.

Mume wa mkunga

*

Marahaba, Bwana Tanbihi.

Kiti hiki nimekikalia miaka mingi. Wameniandikia wenye wake wawili wasiojuana, ameniandikia aliyeuza kitanda cha mama mkwe naye amekilalia. Wewe ndiye wa kwanza kumwachisha mke kazi kwa idhini ya nchi tisa, ukapigiwa makofi na ukapewa cheti. Hongera sana. Maslahi ya taifa yamelindwa dhidi ya mama watoto wako.

Nianze na huo Umoja wenu. Sina ugomvi na nchi kwenda kila moja kwa mwendo wake. Asiye na vyuo vya kutosha na aseme, tupeni miaka mitatu tujipange, mwaka wa nne tupo. Huyo ni mtu mzima na anaeleweka. Lakini "hadi itakapojiona iko tayari"? Itajionea kwenye kioo gani? Mliulizwa tarehe, mkatoa hisia. Halafu mnaita wapiga picha, mnashikana mikono nchi tisa mkitabasamu, na chini ya ukurasa kila mmoja ameshaacha mlango wa nyuma wazi. Na mchezo wenu huo wa kuweka msichokitaka ili mkiachie! Mwaka huu wote mmejitia hamnazo, kila mmoja akingoja mwenzake aseme kwanza, na sasa wajawazito wa mtaa wenu wanapimwa na mtu wasiyemjua kwa sababu mwenyekiti alikuwa na ndege.

Niseme na la nyumbani, maana barua yako imesema mengi kuliko ulivyokusudia. Aliyehama nchi ni nani? Yeye. Aliyepigilia msumari? Yeye. Swali la mtoto alilijibu nani? Yeye tena, wewe ukaomba chumvi. Kwa hesabu yangu, kaka, katika mkataba wa ndoa hii umeridhia sura ya chakula tu, nyingine bado unazifanyia tathmini. Na hata kwangu umekuja hivyo hivyo. Unataka ushauri wote isipokuwa ushauri.

Hapa kwangu hakuna herufi ndogo. Nimempigia simu mwanasheria mmoja mstaafu, nikamsomea barua yako bila kutaja mtu, akacheka hadi akapaliwa. Anasema nchi yoyote inaweza kuondoa tanbihi yake siku yoyote, kwa barua ya ukurasa mmoja yenye sahihi ya waziri, na kifungu hicho kimo mwishoni mwa makubaliano yenu. Nikamwuliza vifungu vya mwisho huandikwa na nani. Akasema, "Kwa kawaida ni hao hao wa tanbihi." Kwa hiyo dawa unayo, umeiandika kwa mkono wako, na umeikalia mwezi mzima huku mkeo akipanga mafaili, ili usionekane hukujua ulichokuwa unafanya. Ndugu yangu, hukujua ulichokuwa unafanya! Sasa wanaojua ni wawili, mimi na wewe, na mimi sijakufa kwa aibu.

Jumatatu saa mbili asubuhi ingia kwa mkuu wako na hiyo barua ikiwa imeshachapwa, imebaki sahihi tu. Usianze na historia ya Umoja. Mwambie, "Namba kumi na nne ilikuwa ya kuachia, nikashindwa kuiachia, kosa ni langu." Ukitoka hapo nenda kituo cha afya, kwa miguu yako, uombe wamwongezee mkeo muda hadi jibu litoke. Wakikunyima kuongoza ujumbe, utakuwa umekosa safari moja na hoteli yake. Wakikupa na wewe ukawa umenyamaza, utarudi na cheti kingine na hutakuwa na wa kukutundikia. Hicho cha sasa kishushe leo, wewe mwenyewe, na kwenye msumari ule ule utundike cheti chake cha ukunga. Kama serikali haijakitambua, angalau sebule yako ikitambue.

Limebaki lile la kumwambia mkeo. Jumatatu iliyopita nilikutumia ujumbe, kwa namba uliyoniachia, kwamba barua yako itatoka Jumamosi, umwambie kabla. Ukanijibu, "Nimepokea, suala linafanyiwa kazi." Alhamisi nikakukumbusha. "Mashauriano yanaendelea." Unashauriana na nani, na mlango umeufunga kwa ufunguo? Nilikasirika, nikataka barua yako niitupe. Halafu nikaisoma tena pale mwanzo na moyo ukanilegea, nikakuhurumia kweli. Magazeti yako mengi mjini, na wewe ukachagua ukurasa ambao mkeo anausoma kwa sauti. Ulitaka ajue. Ulichotaka ni kwamba atamke mtu mwingine.

Haya, ametamka mkeo mwenyewe, kwa sauti yake, neno kwa neno.

Mama, pole sana. Kazi yako ni ya heshima na hukustahili haya, wala usikunje sare nyingine hadi Jumatatu ipite. Lile swali lako unaweza kuliuliza sasa, mwenyewe yuko upande wa pili wa meza.

Na wewe, baba, usiombe chumvi.