Hondohondo wa Mkuyuni

Baba Zuhura,

Salamu zikufikie huko uliko. Nimetolewa eda Alhamisi, na Jumapili asubuhi sikungoja ruhusa ya mtu. Nilijitanda kanga, nikamshika mwanao mkono, tukafuata njia yetu ya porini kuelekea Ubungo. Jua la kaskazi kali, nyasi zimekauka, vumbi mpaka magotini. Zuhura akauliza jina la kila ndege. Keremkerema na chozi nilimtajia sawasawa. Wengine nikabuni majina, kama ulivyokuwa ukinifanyia mimi mpaka nikakukamata.

Lakini roho yangu ilikuwa kwenye ule mkuyu. Unakumbuka tulivyomwona hondohondo jike amejiziba kwa udongo ndani ya tundu la mti, akabakiza upenyo tu, dume amlishe kwa nje? Ukacheka, "Mama Zuhura, huyu kakaa eda na mume yu hai!"

Mara ukaugua, ukaacha kucheka. Kitandani ukaniuliza, "Yule dume akifa, jike atakula nini?" Ukanitazama mimi. Nilijua humuulizii ndege.

Tukakuzika. Nikiwa bado ndani, jirani yetu Bi Mwajuma akaniletea habari kwamba kuna mzungu kampiga risasi hondohondo kule bondeni, karibu na mkuyu wetu. Ningetokaje mie, na eda haijaisha? Nililia kuliko siku ya maziko. Watu wakadhani nakulilia wewe, na kweli nilikulilia wewe pia.

Basi sikia. Tulikuta udongo umebomolewa, vipande viko chini ya mti, tundu tupu. Halafu nikasikia juu ile miluzi yao. Dume, jike, na makinda wawili wenye midomo iliyopauka bado, wanagombea kuyu! Aliyepigwa risasi simjui, maskini, ila si wetu. Niliketi palepale vumbini nikacheka mpaka mwanao akaona haya.

Mume wangu, nimepumua. Cherehani nimeirudisha barazani, na wanawake wa Mwananyamala wameanza kuniletea vitambaa. Usiku nalala. Kila kaskazi nitampeleka Zuhura mkuyuni, inshallah, na majina ya ndege nitamfundisha yale ya kweli.

Kwaheri, Baba Zuhura. Pumzika bila wasiwasi. Huku tunakula, tunashiba.

Mkeo,
Mama Zuhura