Taa ya Gramu Sitini na Nane

Mpendwa mama yangu wa Ujiji,

Shikamoo. Najua ukifika hapa utaitikia kwa sauti, hata kama uko peke yako chumbani, kwa hiyo nangoja kwanza uitikie.

Kifurushi chako kimefika. Kilipitia kwa binamu yako, mwenye nyumba wetu, naye akakikalia siku sita, anasema alisahau. Ndani nikakuta taa ya kichwani, mkanda wake wa kijivu, waya wa kuchaji kama wa simu, na kikaratasi kimekunjwa mara nne. Unanijua. Kabla ya kusoma nilikwenda kwa jirani mwenye duka nikaiweka taa kwenye mzani: gramu sitini na nane pamoja na mkanda. Ile yangu ya zamani ilikuwa tisini na tano. Nikaichaji, ikajaa kwa saa mbili na nusu. Nikaiwasha mwanga wa kati, nikaitundika msumarini, ikakaa saa tisa na dakika kumi. Ni taa nzuri. Baada ya hapo ndipo nilikunjua kikaratasi, na tangu siku hiyo sina raha. Nitakifikia.

Kuna jambo nilikuficha, mama. Lakini kabla sijalisema, nina kinyongo na wewe, na barua isiyokitaja itakuwa ya uongo.

Tulikaa ua mmoja miezi kumi na minne, pale ulipoletwa kwa ajili ya matibabu ya mguu. Hospitali nilikusindikiza mara kumi na moja. Maji nilikuchotea ndoo mbili kila asubuhi, Jumapili ndoo tatu. Nilikuita mama kwa kinywa changu, mimi ambaye aliyenizaa nilimzika kijijini Simbo nikiwa na miaka tisa na sikumwita mwingine hivyo hadi ulipokuja wewe. Kibali chako kikaisha, ukapanda basi ukarudi kambi ya wakimbizi, na huko jina lako likatokea kwenye orodha ya wanaopelekwa kuishi nchi za mbali. Salamu hukuacha. Siku hiyo nilikuwa mlimani na wageni watatu na mahema mawili. Niliporudi, binamu yako aliniambia kama mtu anayetaja bei ya mkaa: "Mama yako si alishaondoka? Leo ya nne." Nilikasirika mwaka mzima. Wengine ulikuwa umewaaga. Hata fundi cherehani, ambaye hakuwahi kukubebea ndoo hata moja.

Unakumbuka wiki yako ya kwanza pale uani? Ulikaa kwenye kigoda, mguu umefungwa bandeji hadi gotini, unatwanga sombe, kisamvu chenu, huku fundi cherehani akikuchokoza useme uvukaji wenu wa ziwa ulikuwaje. Ukatusimulia. Mlikuwa sita. Mlitelemshwa ufukweni giza bado nene, upande wa Katonga, mkaambiwa mtulie hapo hadi pakuche ndipo mwende kujiandikisha. Mkajibanza kwenye mawe. Kisha mlimani likatokea jicho.

"Haikukuwa na sura, mwanangu," ukaniambia mimi, sijui kwa nini ulinichagua mimi. "Jicho moja tu. Inashuka mlima yenyewe, mbio."

Fundi akauliza kama lilikuwa jini la ziwa au bodaboda mbovu. Watu wakacheka, na wewe ukacheka. Kisha ukasema kwamba waliochoma nyumba zenu kule ng'ambo ya ziwa walikuja na tochi zimefungwa vichwani, na hapo hakuna aliyecheka tena. Mlipoliona lile jicho, watatu walijitupa nyuma ya mawe, watatu wakakimbilia majini. Wewe uliteleza, kifundo cha mguu kikavunjika. Furushi lako likaenda na maji. Ndani mlikuwa na kadi yako, cheti cha ubatizo, karatasi za kiwanja, na picha mbili za marehemu mumeo, ambazo hazikuwa na nakala popote duniani. Baadaye nilikusikia ukilalamika kwamba wenzako walihojiwa mara tatu wakamaliza, wewe mara saba, kwa sababu hukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha wewe ni nani.

Mama, lile jicho ni mimi.

Nilikuwa mbeba mizigo tu wakati ule. Mgeni mmoja niliyembebea begi siku tano aliniachia ile taa, nami nikaanza kukimbia alfajiri, kwa sababu nilishaona kwamba wageni wanaopenda kukimbia milimani wanamtafuta mtu wa kwenda nao sawa, na mbeba mizigo mwenye pumzi hupanda cheo. Asubuhi ile nilishuka kilima cha Katonga na mwanga wa juu kabisa, ule unaomaliza betri kwa muda usiofika saa tatu. Sikuuhitaji. Njia ile miguu yangu inaijua. Niliuwasha kwa kuringa, nione vichaka vinavyonipisha. Chini nikasikia mayowe, kisha maji. Nikasimama. Nilihesabu vichwa sita, na kitu kimoja kinaelea. Kutoka niliposimama hadi majini nilikadiria hatua arobaini. Nikajisemea hawa ni watu wa magendo, nisijitie. Nikageuka, nikapanda kilima mbio kuliko nilivyoshuka. Taa yenyewe sikuizima.

Ulipomaliza kusimulia, niliingia chumbani nikaificha taa chini ya gunia la mchele. Siku nane nilikimbia gizani, nikaanguka mara mbili. Siku ya tisa nikachoka. Niliitoa nikaichomeka kwenye umeme pale barazani, nikijua kabisa utaiona. Hukupiga kelele. Uliiomba kwa mkono. Ukaigeuzageuza, ukaiwasha, ukaizima, ukaiwasha, ukaizima.

"Kumbe inazimika," ukasema.

Kisha ukaniuliza huwa naenda nayo wapi. Nikakujibu, upande wa Mwandiga. Barabara ya bara, mbali na ziwa. Ukasema, haya. Hukuuliza tena siku hiyo wala siku nyingine, na mimi nikajihesabu nimepona.

Tangu hapo taa ikawa yako kuliko yangu. Wewe ndiye uliyekata kipande cha kitenge ukakishonea ndani ya mkanda, jasho lisinishuke machoni, na hadi leo taa zangu zote zina kipande hicho. Umeme ukikatika ulikuwa unaivaa juu ya kilemba unachambua mchele, na fundi cherehani anapita akikuuliza treni ya Dar inaondoka saa ngapi. "Imejaa," unamjibu. "Wewe panda juu na mbuzi." Nikirudi kutoka mbioni magoti yanauma, unanichua kwa mawese ya moto hadi nanuka jiko. Na kila Ijumaa ulivifua viatu vyangu vya kukimbilia, nikikukataza unasema mguu ndio mbovu, mikono mizima.

Ile amri yako ya salamu nayo sijaisahau. Nilikuja siku moja kumepambazuka nusu, taa inawaka kichwani, nikakuamkia. Ukanyamaza. Nikarudia. Ukakinga uso kwa kiganja.

"Vua. Mimi sipokei shikamoo ya mtu asiye na uso."

Nikakwambia nikiwa nakimbia siwezi kuvua kwa kila mtu. Ukasema basi nisikimbie mbele ya wakubwa.

Leo nina mahema kumi na mawili na taa ishirini na moja, zote za kuchaji, kila moja na namba yake. Nawapeleka watu kukimbia na kupiga kambi milimani na ufukweni, na kabla hatujaondoka huwa nawapa amri ile ile. Ukikutana na mtu njiani, simama, vua taa, imulike miguu yako mwenyewe, sema wewe ni nani, kisha salimia. Mgeni mmoja alinilalamikia kwamba inawachelewesha. Nikampigia hesabu palepale: njia yetu ni kilometa kumi na nne, alfajiri tunakutana na watu kama thelathini, kila mmoja sekunde kumi, jumla dakika tano. Nikamwambia kama dakika tano zinamuuma abaki hemani. Hakujua amri hiyo imetoka kwa nani. Hata mimi nilijifanya sijui imetoka wapi.

Sasa kikaratasi. Mstari mmoja, kwa mwandiko wako ule wa kulalia kushoto: "Mwanangu, hii iko na taa nyekundu. Ukishuka Katonga, anza na hiyo."

Katonga, mama. Kwako sikuwahi kulitaja jina hilo kuhusu mbio zangu hata mara moja. Mwaka mzima na zaidi nilikuambia Mwandiga. Nikakaa kitandani nikifikiria umejulia wapi, mimi mwenye kujisifu kwa hesabu, ndipo nikakumbuka viatu. Barabara ya Mwandiga ni udongo mwekundu. Viatu ulivyokuwa ukikung'uta kila Ijumaa vilikuwa na mchanga wa ziwa.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua ukinichua magoti, ulijua ukinishonea mkanda. Ulikuwa unaningoja niseme mwenyewe, na nadhani ulipopanda basi bila kuniaga ulikuwa umechoka kungoja. Kinyongo changu cha mwaka mzima sijui nikiweke wapi sasa. Naona hakikuwa na mwenyewe isipokuwa mimi.

Asubuhi ya leo nimeivaa taa yako nikaenda. Kileleni nikawasha ile nyekundu. Ni mwanga mdogo, unaona hatua mbili tatu za mbele yako tu, lakini nilikuwa natembea, na ulinitosha. Chini walikuwepo kina mama wanaanika dagaa mchangani. Nikavua taa, nikasema mimi ni mtu wa Ujiji, nikawaamkia. Mmoja wao, mkubwa kama wewe, akaitikia, kisha akaniuliza, "Wewe si yule wa mbio? Leo umeishiwa mafuta?" Wenzake wakacheka. Nikacheka nao.

Kisha nikarudi hadi pale niliposimama siku ile, kwenye jiwe lenye ufa, nikaanza kuhesabu kuelekea majini. Nilihesabu polepole, nisijidanganye. Miaka yote nimejiambia walikuwa mbali, kwamba hata ningekimbia, furushi lingekwisha kuondoka.

Hazikuwa arobaini, mama. Ni ishirini na sita.

Nisamehe kama unaweza. Ukinijibu, niandikie tu kwamba uliitikia shikamoo yangu. Nitaelewa.

Mwanao wa Ujiji,
aliyekuwa na jicho bila uso