Umeimwagia Saruji Bustani ya Mama

Kaka yangu Haji,

Upepo wa kaskazi umekatika. Joto limepungua na mawingu ya masika yametanda juu ya Mbweni. Kila mwaka majira haya huwa napunguza miasumini na kupanda vipandikizi vipya. Mwaka huu sina cha kupunguza.

Bustani ile haikuota yenyewe, na wewe wajua. Kila alasiri mama alitutoa ndani: wewe uteke maji kisimani, mimi nichume asumini zikiwa bado vitumba. Mlangilangi ukiukwea wewe, maana mimi nikiogopa. Ukiangusha maua, nikiyadaka kwa kanga.

"Haji! Usivunje tawi!" mama akikupigia kelele.

"Naam, mama!" ukiitika huko huko juu.

Maua yale ndiyo aliyofungia vikuba, vile vishada vya kunukia vya maharusi, ndiyo yaliyotulisha. Siku uliyooa, alichuma mpaka miti ikabaki majani matupu, mkeo anukie. Na alipokuwa hawezi tena kutembea, wewe uko Dar na kazi zako, nilimtoa kwa kiti kila jioni, nikamtia ua la kilua kiganjani. Sikukulaumu. Kazi ni kazi.

Mwezi uliopita nilikwenda Makunduchi kwenye hitima ya shangazi. Siku tatu tu. Ulikuwa umekuja likizo, ukanambia, "Nenda, nyumba ntaiangalia mimi." Nikafurahi, kaka. Nilirudi na muhogo wa kukupikia. Nikaukuta mlangilangi umelazwa kando ya njia, majani yake hata hayajanyauka, na mafundi wanasawazisha saruji mbichi pale ilipokuwa mikilua.

"Hapa patakuwa maegesho," ukasema. "Nyuma tutajenga vyumba vya wageni."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize nini, Zuhura? Maua tu hayo."

Maua tu! Mikono yangu imechimba udongo ule miaka thelathini. Baada ya mama kufa, wateja wake walikuja kwangu, na sikumwangusha hata bibi harusi mmoja. Lakini mbele ya mafundi wako nilinyamaza. Niliingia jikoni, nikamenya muhogo, nikakupikia, ukala. Kimya kile kinaniuma kuliko maneno yako.

Ijumaa imenyesha mvua ya kwanza. Maji yaliyokuwa yakinywewa na udongo hayakuwa na pa kwenda, yakaingia chumbani kwa mama, nnamolala siku hizi. Godoro limerowa, sanduku la nguo zake limerowa. Nilikuwa nikichota maji kwa ndoo uliponipigia simu kutoka Dar.

"Nasikia mvua kubwa huko. Ile sakafu haijapasuka?"

Hukuuliza nnalala wapi. Nikakata simu. Tangu hapo umepiga mara nyingi, na leo nakujibu kwa maandishi ili usinikate kauli.

Nyumba ni yetu sote wawili. Vyumba vya wageni havijengwi bila saini yangu, na saini sitoi. Saruji iondoke kabla masika hayajakolea. Usinitumie mafundi, wala usinitumie wifi yangu aje kunibembeleza. Panda boti uje mwenyewe, na sururu yako. Utavunja wewe, kipande kwa kipande, nami ntakaa barazani nakutazama.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Zuhura