Karafuu za Bibi Harusi

Temeke, 14 Machi 1993

Dada Rukia, shikamoo. Ni mimi Asha ninayeandika, na nimeapa kuandika yote anayosema Bibi:

Mjukuu wangu, sote wazima; mama yako amefungua genge. Unauliza umwambieje mumeo habari ya jino, nawe mgeni huko Maskati, na daktari wa meno ni ghali. Mie nilipoletwa hapa kuolewa kutoka Msumbiji, jino liliniuma mwezi mzima. Nilijifunika mdomo kwa kanga, wakanisifu nina haya. Kumbe natafuna karafuu.

Mama mkwe akanusa. "We mwali, karafuu kutwa, pilau liko wapi?"

Nikalia, nikamwambia naogopa kuwatia gharama. Akafungua kinywa: meno matatu tu. "Mie nilinyamaza hivyohivyo."

Kesho yake akauza kanga zake mpya, nikang'olewa. Mpaka leo nastaajabu: asiye na meno aliyahangaikia ya mtoto wa watu.

Dada, hapa Bibi amecheka, nami nikayahesabu meno yake. Uzee wote ule, limepungua moja tu! Je, umeshamwambia Shemeji? Tujibu upesi.