Mkono Ulionikimbilia Kinkondja

Kamina, wiki ya pili baada ya Pasaka

Kwa yaya wangu mpenzi, dada mkubwa Kabange, nyumbani Luena,

Umeamkaje, yaya? Kifua cha mama kimepoa? Mimi ni mzima, isipokuwa goti, na nina furaha hata nikitwanga naimba. Kyungu wangu ni mzuri kuliko nilivyokuandikia! Mume gani mwingine hupiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe ili tu mkewe amfungulie akitabasamu?

Unajua mabehewa yalimkata mkono wa kuume pale stesheni kabla hatujaoana. Lakini bado anausikia. Akiwaza tu, vidole vinakunjika, vinakunjuka. Jioni huniwekea kigutu begani: "Sasa miye nakushika shingo, mama. Unasikia?" Nami nacheka mpaka machozi.

Sikukuu tulikwenda Kinkondja kwa mama yake. Ukoo mzima ulisimama kando ya maji kumwona bibi arusi. Nikitoka mtumbwini, niliteleza. Kyungu alikuwa hatua moja tu kutoka kwangu. Akainua kigutu. Mkono wa kushoto, ule unaobeba gunia la mihogo, ulibaki mfukoni. Nikaanguka, na mtumbwi ukanibana goti kwenye gogo.

"Weye njo muke gani, haujue kutoka mu bwato?" akasema mamamkwe. Wakacheka wote.

Baadaye nilimwuliza Kyungu.

"Nilikunyooshea mukono," akasema. "Miye nilisikia vidole vinashika nguo yako. Kweli!"

"Na wa kushoto?"

"Kumupa bibi arusi wa kushoto, mbele ya mama? Iko matusi. Bangesema sikuheshimu."

Yaya, tangu siku ile nauambia mguu wangu kunjika, nao haukunjiki. Mkono wake wa kushoto ungemtii. Ni yeye tu hakutaka. Na ule usiokuwepo, ndio uliokuja mbio!

Muuguzi anasema goti litabaki hivi. Kyungu hunipikia uji yeye mwenyewe, mpenzi wangu! Hawezi kunipa kwa kushoto, kwa hiyo anauweka chini karibu na mlango, nami naburuta mguu kwenda kuuokota.

Jana alisimama nyuma yangu. "Nakupapasa nywele. Unasikia?"

Nikafumba macho. "Nasikia."

Sikusikia kitu, yaya.

Msalimu kaka huko kwenye machimbo ya makaa, na shangazi aliyenifundisha kupokea kwa mikono miwili. Habari ya goti usimwambie mama. Mwambie nimepata mume mwenye heshima.

Mdogo wako akupendaye,
Ngoie