Anaomba Kuazima Miwani Yake Mwenyewe

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako, na naomba usinicheke mpaka umalize kusoma, maana mimi ni mtu mzima wa Mbekenyera, mkulima wa ufuta na mikorosho, na jambo linalonikosesha raha ni miwani.

Dada yangu Mwanaima ana mtoto wa kiume, jina lake Lukumani, na kama hukuzaliwa huku nikueleze kwamba kwetu mjomba ndiye mwenye neno, mtoto wa dada yako ni wako, unamwozesha wewe, unamkemea wewe, na kitu chake ukikitaka huombi, unasema tu. Mwaka wa arobaini na nane Lukumani alikwenda Nachingwea kwenye mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza, akafundishwa kuendesha trekta, na Mzungu aliyemfundisha alipokuwa anarudi kwao alivua miwani yake ya jua akampa, miwani ya kioo kizito cha kijani, pana hata jua la ubavuni haliingii, akamwambia asiendeshe bila hiyo.

Mwaka uliofuata nilikuwa naoa mke wa pili, na siku zile, tangu kazi ya karanga iingie, bwana arusi asiye na miwani ya jua alionekana kama mtoto aliyeletwa na mama yake, kwa kuwa miwani huficha haya, ukikaa pale mbele ya watu hakuna anayejua kama unaogopa au unalia. Nikasema, Lukumani, lete miwani. Akaivua, akaifuta kwa shati lake, akanipa kwa mikono miwili. Sikumwacha mikono mitupu, nilikuwa nimemnunulia nyingine gulioni, nyepesi kama ukucha lakini nyeusi tii, nikamwambia hii imeipita yako kwa weusi, umepata faida. Akasema, "Ahsante, mjomba," akarudi kazini.

Arusi ikaisha, miwani sikuirudisha. Kila kijana wa ukoo aliyeoa alikuja kuivaa, mpaka kijiji cha Malolo inajulikana, miwani ya mjomba, nami nililipenda jina hilo. Lukumani akaja likizo macho mekundu, nikamwambia ni vumbi. Akaja tena akasema, "Mjomba, kule miti imeng'olewa yote, jua linapiga juu na linapiga chini. Hii nyeusi inanipa giza, lakini macho yanauma vilevile." Nikamjibu kwamba vijana wa siku hizi mmedekezwa na mshahara.

Karanga zikashindwa, trekta zikaondoka, akarudi kulima, na kinyama kikaanza kuota kwenye jicho, kinatoka upande wa pua kinatambaa kwenda kwenye jeusi, macho yote mawili. Hospitali ya misheni wakakikata cha kulia, kikaota tena kidogo. Cha kushoto kimeshafunika mboni. Hajafika miaka thelathini na tano, na juzi alimpita mama yake njiani bila kumsalimu, dada yangu akalia mpaka nyumbani, akidhani mtoto wake amemkasirikia.

Sasa mdogo wake, Amiri, anaoa ufuta ukishavunwa, na miwani nimekwisha mwahidi. Jana Lukumani alikuja, akakaa mkekani, akaongea habari za mvua na za ufuta, kisha akasema, "Mjomba, siku ya arusi jua likiwa kali sitaweza kufungua macho. Naomba uniazime miwani, nimwone mdogo wangu akitoka." Aliniomba kuazima miwani yake mwenyewe, Mshauri, nami nikamwambia nitafikiri. Nikimpa, Amiri ataaibika na watu watauliza. Nikikiri kosa, mjomba atabaki na uso gani mbele ya mpwa wake? Moyo unaniuma sana. Nifanyeje?

Ni mimi Mjomba, Mbekenyera.

JIBU

Mjomba, nimesoma mpaka mwisho na sikucheka. Nilifanya kazi ya uuguzi miaka kumi na mmoja kabla ya kushika kalamu hii, na macho kama ya Lukumani nimeyaosha mengi. Barua yako imenitia huzuni, kisha imenitia hasira, na nitakujibu kwa vyote viwili.

Nianze na ujinga wako, kwa kuwa si wako peke yako. Ulidhani miwani ikiwa nyeusi zaidi ndiyo kinga zaidi. Jicho likiona giza hufungua mlango wake, mboni hupanuka, ndivyo lilivyoumbwa. Sasa katika jua mna miali inayounguza ambayo hatuioni, na kioo kizuri huizuia hata kama rangi yake si nyeusi. Kile cha gulioni kilimpa giza tu. Mboni ikafunguka na jua likaingia. Huenda hiyo faida yako ilimdhuru. Sitakutwisha mzigo wote, maana vumbi na upepo navyo huotesha kinyama, na pengine kingeota hata angekuwa na miwani yake. Lakini angekuwa nayo.

Unauliza utabaki na uso gani. Utabaki na huo huo ulio nao, wenye macho mawili mazima.

Tena unaandika kana kwamba Lukumani hajui kosa lako. Huyo alivaa ya kijani, akavaa nyeusi, chini ya jua lile lile. Alijua siku ya kwanza, akakwambia, ukamkemea, akanyamaza kwa sababu wewe ni mjomba. Jana alipokaa mkekani na kusema "niazime", alikuwa anakusitiri, urudishe bila kuaibika. Nawe ukamwambia utafikiri. Wanasema majuto ni mjukuu. Kwako yamekuja upesi, yamekuja na mpwa.

Ukishasoma gazeti hili, inuka. Itazame kwanza miwani yenyewe, maana imepita pua za mabwana arusi wengi. Kama kioo kimekwaruzika sana, haimfai tena, mtafutie nyingine nzuri. Nenda nayo kwa dada yako, mkute Lukumani akiwa na mama yake, maana yeye naye anastahili kujua kwa nini alipitwa njiani. Usiseme "nakuazima". Sema, "Hii ni yako, niliichukua, nilikosa." Halafu unyamaze. Usianze kumweleza habari za haya na za desturi, amekwisha zijua. Mpe kwa mikono miwili, kama alivyokupa.

Kisha umpeleke hospitali, na wewe mwenyewe uende, ukae naye kwenye benchi. Jicho la kushoto asikuahidi mtu kwamba litarudi kama zamani. La kulia bado lipo, nalo ndilo la kupigania. Shambani avae na kofia ya ukindu yenye ukingo mpana, kwa sababu miwani peke yake haitoshi, na asilikazie jua macho hata akiwa ameivaa. Vijana wengine wa ukoo wakitaka miwani ya kazi, wamuulize daktari ni kioo gani kinachozuia jua, wachague pana inayofunika ubavu, waache kuchagua kwa weusi.

Amiri mwambie wewe, leo hii, usimtume mtu. Mwambie ataoa uso wazi kwa sababu mjomba wake alikopa macho ya kaka yake. Kijana akiaibika kwa hilo, basi hajawa tayari kuoa.

Siku ya arusi mkalishe Lukumani mbele, na miwani yake, amwone mdogo wake akitoka. Watu wakiuliza mbona bwana arusi machozi yake yanaonekana, wajibu wewe. Na ya kwako yakitoka, Mjomba, usitafute cha kuyafichia.