Jikoni Kwetu ni Ubelgiji

Mieke uko wapi, nijibu.

Sjef anacheza kamari tena. Huyu huyu mume wangu aliyejiandikisha mwenyewe azuiwe kwenye tovuti zote za kamari za Uholanzi, mbele yangu, huku analia!

Nilijua kuna kitu. Mwanamume gani anapenda kuosha vyombo ghafla? Kila tukimaliza kula, "Kaa mke wangu, pumzika, mimi niko jikoni." Nikimwita sebuleni, eti mtandao wa huku mbovu. Mbovu! Na kifaa chenyewe cha intaneti kiko huku huku, nyuma ya kochi!

Leo kasahau simu kwenye kochi. Nikaikuta imefunguka kwenye tovuti ya kamari ya Kibelgiji. Nikabonyeza. Ikasema: "Samahani, huwezi kucheza ukiwa katika nchi uliyopo."

Nikashusha pumzi. Nikasema basi, nimemsingizia mtoto wa watu bure. Nikainuka nimpelekee simu yake.

Mieke, nyumba yetu unaijua. Mpaka wa nchi unapita katikati, sebule Uholanzi, jikoni Ubelgiji. Miaka yote naupiga deki tu, sijawahi kuufikiria.

Navuka mlango wa jikoni, ukurasa ukajibadili: "Karibu tena, Sjef!"

Karibu TENA.

Yeye kasimama na povu mikononi. "Nilikuwa naangalia tu." Naangalia tu!!

Unajua kinachoniuma? Wiki iliyopita aliomba tuhamishie kitanda chumba cha nyuma, upande wa jikoni, eti huko kuna joto. Nikambusu, Mieke. Nikamsaidia kukisukuma hadi Ubelgiji.